Leso ya Mama Watoto

Tuktuk haikuwa imetoka Khayega vizuri, na tayari Mzee Elkanah alikuwa ametangaza kwamba anaenda Amalemba kuchukua mtoto wa mbwa. Waliotangaziwa walikuwa abiria wenzake wawili: dada mmoja daktari wa mifugo, na Mideva, aliyejifanya hasikii.

"Ni ile ya manyoya ya kujisokota kama kondoo," mzee alisema. "Binti yangu hataki nikae peke yangu. Nimebeba gunia nimfunike macho, asijue njia ya kurudi kwa mama yake."

"Hiyo haitorokangi, mzee," dada akamwambia. " Inalalanga ndani ya nyumba, na unaichana kila siku."

Mideva alikitupia jicho kichwa cha mzee. Chenyewe hakikuwa kimeona kichana tangu Jumapili.

"Lakini usiku wa kwanza italia," dada aliendelea. "Tafuta kitambaa, ukisugue kwa mama yake, ndio ilale ikisikia harufu yake."

Mzee akatoa leso ya kijani ndani ya gunia. "Niko na hii. Ni ya mama watoto. Tangu tumzike sijaifua."

Mideva akasahau kujifanya hasikii.

"Nikiisugua kwa mbwa," mzee akauliza polepole, "harufu yake si itaisha?"

Dada aliangalia nje kidogo. "Itaisha, mzee."

Tuktuk ikasimama Amalemba. Mzee aliikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Lakini yeye hangeacha mtoto alie na leso iko," akasema, akashuka nayo mkononi. Gunia alilisahau kwenye kiti.