Chupa ya Alhamisi

Julienne: Haloo? Haloo, ni nani? Hii namba siijui.

Anaclet: Ni mimi.

Julienne: Mimi nani? Sema kwa nguvu, huku watu wanaimba, na mtandao unakwaruza tu—

Anaclet: Ni Anaclet. Bwana yako.

Julienne: Ah, Papa Laetitia! Nilifikiri ni wale wa kuniambia nimeshinda gari. Na hii simu ni ya nani?

Anaclet: Ya Dada Ndeshi. Yangu imeisha moto, betri imekufa. Tumekaa naye huku nyuma, bega kwa bega. Anakusalimia.

Julienne: Dada Ndeshi gani?

Anaclet: Wa Tanzania, wa Moshi. Wa pale kwa chama cha wakulima. Yeye ndiye anaandika maneno yote ambayo bosi anaenda kuambia serikali.

Julienne: Aa, yule wa Kiswahili cha redio! Mwambie aksanti kwa simu. Mumefika wapi?

Anaclet: Tumepita Pinetown, tuko juu ya barabara kubwa, N3. Bosi anaendesha. Wabunge wa jimbo wanatungojea kule shambani. Watakula nyama, watasikia hotuba, halafu mimi nitasimama na chupa zangu, nitawaonyesha maji ya mito yetu.

Julienne: Eh, leo ni siku ya nyumba yetu! Baba na wabunge, mtoto na ubatizo. Ungemuona Laetitia, ile nguo nyeupe ya soko la Warwick imemkaa, mais anatetemeka kama—

Anaclet: Ameingia?

Julienne: Ameingia wapi?

Anaclet: Kwa maji. Mtoto ameshaingia?

Julienne: Bado. Pasteur Athanase anaombea mto kabla ya kila mtu, na unamjua akianza kuomba. Wawili ndio wameshazamishwa. Mbona?

Anaclet: Nauliza tu. Julienne—

Julienne: Eh?

Anaclet: Julienne, sikia vizuri.

[Nyimbo kwa mbali.]

Julienne: Umeniitaje?

Anaclet: Nimekuita Julienne.

Julienne: Papa Laetitia, tangu nizae hujaniita hivyo. Hata tukigombana ni Mama Laetitia. Uliniita Julienne mara moja tu, pale mpakani Kasumbalesa.

Anaclet: Eh. Pale pale.

Julienne: Ukasema, "Julienne, tulia, hawa maaskari ni watu wazuri, wape begi." Nikajua unasema kinyume, nibebe mtoto nikimbie.

Anaclet: Una kichwa kizuri, Julienne.

Julienne: Mungu wangu. Ngoja, nasogea pembeni. [Hatua juu ya changarawe.] Hapa hakuna mtu. Huyo dada anasikia kila neno lako?

Anaclet: Kila neno. Kiswahili ni chake, anatufundisha hata sisi.

Julienne: Sauti yangu je, anaisikia?

Anaclet: Hapana, simu nimeibana kwa sikio.

Julienne: Basi mimi nitasema, wewe utajibu. Sema Kifaransa.

Anaclet: Eh, bibi ya bosi ni mtu wa kisiwa cha Maurice, nyumbani kwao ni Kifaransa tu. Nilishakuambia.

Julienne: Eish. Basi shuka! Sema unaenda kukojoa, shuka kwa robot, taa zikiwa nyekundu, unipigie.

Anaclet: Huku N3 hakuna robot, Julienne. Ni kwenda tu. Sikia, nilitaka kukuambia hiyo maji iko muzuri. Iko safi kabisa. Mtoto aingie bila wasiwasi.

Julienne: Maji?

Anaclet: Bosi ametueleza sasa hivi humu garini, tukifurahi wote. Chupa zote za mwezi huu zimetoka safi. Iko moja tu ya Alhamisi, ya pale darajani, majibu ya laboratoire yalikuja ovyo. Mais ile haihesabiki. Bosi anasema nilisahau barafu, donc maji yaliharibikia njiani.

Julienne: Wewe? Usahau barafu? Wewe uliyetoa samaki zangu kwa frigo zikaoza, ati barafu ni ya chupa za kazi?

Anaclet: Ndiyo hivyo. Nilisahau.

Julienne: Alhamisi barafu ulibeba, mimi ndiye nilikufungulia mlango. Papa Laetitia, ile chupa ilikuwa nzima.

[Mtandao unakwaruza.]

Julienne: Uko? Ile chupa ilikuwa nzima?

Anaclet: Hapana, Julienne. Ilikuwa imeharibika.

Julienne: Na darajani ni hapa. Mimi nimesimama chini ya hilo daraja.

Anaclet: Eh.

Julienne: Ni ile mvua? Kule juu iko shamba la nguruwe. Lile dimbwi lao la mavi limepasuka?

Anaclet: Hapana, dimbwi liko salama sana, Julienne.

Julienne: Uwi! Laetitia! Laetitia, njoo hapa! Hapana, toka kwa mstari, njoo! Ngoja, Papa Laetitia, usikate, usikate—

[Kelele. Mtu anauliza kitu kwa mbali. Simu inasugua nguo.]

Julienne: Haloo? Uko?

Anaclet: Niko.

Julienne: Nimemtoa. Nimemwambia bibi ya Pasteur ati mtoto ameingia siku zake, hawezi kubatizwa leo. Laetitia ananiangalia kama mimi ni shetani. Analia, nguo nyeupe bure.

Anaclet: Mpe pole. Aksanti, Julienne. Sasa moyo wangu umetulia.

Julienne: Wako umetulia? Njoo uone wangu. Unajua niko naona nini hapa? Joséphine na mtoto mchanga, hata kitovu hakijakauka, anatafuta mahali pa kumuogesha. Mama Désiré amejaza kidumu, maji ya ubatizo ya kupelekea wagonjwa wa kule Sydenham wanywe, kama tulivyofanya kule kwetu Likasi. Kila mtu ameshika chupa yake. Wanachota, Papa Laetitia!

Anaclet: Eh... nyimbo zinasikika vizuri.

Julienne: Hapana kuniongelea nyimbo! Nifanye nini?

Anaclet: Si ungekaa na mtoto tu, uvumilie. Kila mtu ana kazi yake, Julienne.

Julienne: Hiyo ni ya Kasumbalesa au ni wewe unasema?

[Nyimbo zinapanda.]

Julienne: Hujui. Hata wewe hujui.

Anaclet: Kazi ya chama ni kuwatetea wakulima. Tunawaambia wabunge: hapana kuleta wakaguzi, hapana kuleta sheria mpya, wakulima wenyewe wanapima mito yao, huyu ndiye mtu wetu, anachota kila wiki. Wabunge watanipa mkono. Bosi amesema leo leo ataweka saini kwa barua yangu.

Julienne: Barua ya makaratasi yetu ya kukaa nchi hii.

Anaclet: Hiyo.

Julienne: Bila hiyo tunarudi kwa ule mstari wa ofisi ya wakimbizi, mvua na jua, na mlinzi anatufukuza. Hapana kufikiri nimesahau. Mimi ndiye nililala pale chini na mtoto mgongoni.

Anaclet: Najua.

Julienne: Na Laetitia shule watamuuliza karatasi. Najua yote. Naogopa kama wewe. Ngoja... ngoja, nijaribu kitu. Pasteur! Pasteur, nyoka! Nimeona nyoka hapo kwa majani!

[Kelele, halafu sauti nyingi zinaomba kwa pamoja.]

Anaclet: Iko nini huko?

Julienne: Wamemkemea.

Anaclet: Nani?

Julienne: Nyoka! Pasteur amemkemea kwa jina la Yesu, watu wamesema amina, sasa wanaingia kwa nguvu kuliko mwanzo. Mimi na akili zangu! Ningesema mamba, wangemkemea na mamba.

Anaclet: [anacheka, anakohoa] Pole. Hapana, Dada, ni mambo ya nyumbani tu. Dakika moja, nakurudishia.

Julienne: Anataka simu yake?

Anaclet: Anasema anangojea mtu wa gazeti ampigie.

Julienne: Mwache angoje. Papa Laetitia, nisikilize. Mimi nikisema maji ni mbaya, Pasteur ataniuliza nimejuaje. Atasema Mama Laetitia amekasirika sababu ya mtoto wake. Hawatanisikia. Wewe ndiye uliwaleta hapa.

Anaclet: Julienne...

Julienne: Tulipobatiza baharini, lile wimbi lilimwangusha Marie-Jeanne, likachukua viatu na wigi, watu wakacheka, wakaogopa. Ukasimama kanisani ukasema, "Mimi najua mahali, maji ya magotini, mchanga muzuri, nachota pale kila Alhamisi." Walipiga makofi. Unakumbuka makofi?

Anaclet: Nakumbuka.

Julienne: Basi watatoka kwa neno lako tu. Kwa lingine hawatoki.

[Mtandao unakwaruza. Sauti inapotea na kurudi.]

Julienne: ...unanisikia? Joséphine amevua mtoto nguo. Anamshusha. Joséphine! Ngoja kidogo, mpenzi! Hanisikii, wanaimba. Papa Laetitia, mtoto yule hana hata jina bado.

Anaclet: Mlango wa hili gari unafungwa kule mbele, kwa bosi.

Julienne: Najua.

Anaclet: Hapa niko katikati. Kushoto Dada, kulia boksi la chupa, mbele bosi. Hata miguu sina pa kuweka.

Julienne: Najua, bwana wangu. Nakuhurumia. Vraiment nakuhurumia. Mais sema.

[Chupa zinagongana ndani ya boksi.]

Anaclet: Mama Laetitia.

Julienne: Eh? Umesema nini?

Anaclet: Mama Laetitia, weka simu kwa sauti ya nje. Inua mkono juu, wasikie wote.

Julienne: Papa Laetitia—

Anaclet: Fanya haraka.

Julienne: Nyamazeni! Nyamazeni jamani, ni Papa Laetitia, anaongea kutoka kazini! Pasteur, ngoja! Sema, wanasikia.

Anaclet: Pasteur Athanase, ndugu zangu, ni mimi, Anaclet, mwenye kuchota. Tokeni kwa maji. Iko na mavi ya nguruwe kutoka dimbwi la kule juu, tangu ile mvua. Nilichota Alhamisi, barafu niliweka, sikusahau kitu, laboratoire wamesema ni mbaya. Joséphine, mtoe mtoto, mpanguse, umuogeshe na maji ya chupa ya dukani. Mama Désiré, mwaga kidumu. Chochote mulichochota, mwageni. Wote walioingia wasingoje kuumwa, waende kliniki leo. Mukiulizwa ni nani alisema, semeni ni mimi.

[Sauti nyingi kwa pamoja. Maji yanapigwapigwa. Mtoto mchanga analia.]

Julienne: Wanatoka! Papa Laetitia, wanatoka! Pasteur mwenyewe amekimbia na viatu mkononi. Joséphine amemshika mtoto, hakumfikisha kwa maji, miguu tu ilikuwa inaning'inia. Mama Désiré anamwaga, ananung'unika mais anamwaga. Asifiwe Mungu. Uko?

Anaclet: Niko.

Julienne: Sauti imekuwa ndogo.

Anaclet: Niko, Mama Laetitia.

Julienne: Huyo dada, amesikia?

Anaclet: Amesikia.

Julienne: Anasema nini?

Anaclet: Hasemi. Aliangalia boksi la chupa, sasa anaangalia nje.

Julienne: Labda ana roho nzuri. Labda atanyamaza. Yeye pia ni mgeni hapa kama sisi.

Anaclet: Ile chupa ya Alhamisi niliitaja wazi, Mama Laetitia. Na nilisema laboratoire. Hilo neno hata bosi analijua.

Julienne: Ameuliza kitu?

Anaclet: Amemuuliza Dada. Kwa Kiingereza. Amemuuliza, huyu alikuwa anasema nini.

Julienne: Na yeye?

Anaclet: Anamwambia.

Julienne: Yote?

Anaclet: Anatafsiri vizuri. Haongezi kitu.

[Mtoto mchanga bado analia.]

Julienne: Papa Laetitia, nakupenda. Sikukuambia asubuhi.

Anaclet: Mpe Laetitia kitu cha moto. Mwambie tutatafuta maji mengine.

Julienne: Nitamwambia. Na wewe tutakuona wapi?

Anaclet: Dada amenyoosha mkono. Anataka simu yake.

Julienne: Hapana kumpa! Ukimpa nitakupata wapi? Yako haina moto. Sema kwanza, mnakaribia? Mumefika shambani?

Anaclet: Bado. Mais bosi amesimamisha gari.

Julienne: Imesimama? Kwa robot?

Anaclet: Huku hakuna robot, Mama Laetitia.