Mwalimu Kanyere na Miguu ya Upande wa Pili

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo, na kama uko dukani mwambie mteja angoje. Leo tunamkumbuka mwalimu Kanyere wa hapa kwetu Bunia, mtaa wa Saio. Mwalimu Kanyere ametutoka Jumamosi iliyopita, hospitalini, kwa ugonjwa wa tansio, yaani presha. Amezikwa jana. Alikuwa na miaka sitini na moja, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyapitisha mbele ya watoto wa darasa la pili.

Kabla ya kuja studio tulipita kwenye matanga, tukaketi na binti yake, mama Mbambu. Tulimwuliza angependa tuseme nini juu ya mama yake. Watu wengi tukiwauliza hivyo hutuambia marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Mama Mbambu alijifuta macho kwa pembe ya kitenge, halafu akacheka kidogo.

"Museme tu ukweli," alituambia. "Mama yangu alikuwa na wivu. Wivu ya kweli kweli. Mukisema alikuwa malaika, watu ya Saio watazima redio."

Basi wasikilizaji, tusizimiwe redio. Mwalimu Kanyere alikuwa na wivu, na bila ule wivu leo tungekuwa na machache sana ya kusema.

Alifika Bunia akiwa bado kijana, kutoka Butembo, na mume wake baba Josaphat, ambaye mpaka leo anauza vipuri vya pikipiki. Baba Josaphat alipenda biashara. Kanyere alipenda chaki. Alipata kazi kwenye shule moja ya msingi hapo Saio, na wazazi wakamsifu haraka. Herufi zake ubaoni zilinyooka. Kwake ilikuwa mikono juu ya meza, mdomo kufungwa, macho mbele. Ukipita nje ungefikiri darasa ni tupu.

Miaka ikaenda hivyo, na Kanyere akajua kwamba katika ile shule hakuna mwalimu kama yeye. Hakujisifu kwa mdomo, lakini ungeona anavyotembea uwanjani.

Halafu akaja Félicité.

Madame Félicité alitoka Fataki. Alikimbia vita na watu wake, na kwa muda mrefu alifundisha watoto kambini, chini ya maturubai. Kule hakukuwa na ubao. Hakukuwa na chaki wala madaftari. Kulikuwa na mawe madogo, udongo, na miguu ya watoto wenyewe. Kwa hiyo Félicité alizoea kufundisha na mawe, udongo na miguu. Direkta wa shule, bwana Anaclet, alimpa darasa la pili A. Kanyere alikuwa na darasa la pili B. Katikati yao palikuwa na triplex tu, ile mbao nyembamba, imepigiliwa misumari na haifiki hata juu.

Wiki ya kwanza Kanyere alisikia vishindo. Watoto wa upande wa pili walikuwa wanakanyaga chini, wanapiga makofi, wanaimba. Alivumilia mpaka mapumziko, akaenda moja kwa moja kwa direkta.

"Direkta, hii ni shule ao ni harusi?"

Bwana Anaclet alimwambia atazoea. Hakuzoea. Na kusema kweli, kelele haikuwa ndiyo iliyomchoma. Kilichomchoma ni kwamba aliandika ubaoni vizuri sana, akageuka, akakuta darasa lake lote linaangalia triplex. Watoto wake mwenyewe, wamekaa vizuri, mikono juu ya meza kama alivyowafundisha, na roho zao ziko kwa Félicité. Wivu ulimshika hapo hapo.

Nyumbani nako hakupata kupumua. Mjukuu wake Sandrine aliandikishwa darasa la pili, na wakampeleka A. Kila jioni Sandrine alizunguka uwanja anaimba hesabu za Madame Félicité na kuruka. Siku moja alimwambia bibi yake, "Koko, kuja nikuonyeshe vile tunafanyaka." Kanyere akamtuma kuchota maji. Madumu yote yalikuwa yamejaa.

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kazi ya Kanyere ilipotaka kumponyoka. Wazazi walianza kufika kwa direkta. Mmoja aliomba mtoto wake ahamishwe kutoka B aende A. Akaja mwingine, na mwingine. Bwana Anaclet akamwita Kanyere na kumwambia polepole, kwa heshima, kwamba mambo yakiendelea hivi, B itafungwa, watoto wote watakwenda kwa Félicité, na yeye mama mwalimu atasaidia ofisini. Kusaidia ofisini maana yake kugonga kengele na kugawa chaki. Kanyere alisikia hayo, akasema sawa, akatoka. Hakula siku hiyo.

Akaamua kufanya kama Félicité. Lakini kuuliza? Hapana. Triplex ilikuwa na matundu, angeweza kuchungulia. Hakuchungulia. Kwake yeye, kuchungulia ilikuwa sawa na kupiga magoti. Hata Sandrine hakumwuliza. Alichofanya ni kuvuta kiti chake karibu ya triplex, akajifanya anasahihisha madaftari, akategesha sikio. Alisikia Félicité anasema "saba". Akasikia vishindo. Akasikia "simama!" na makofi, halafu watoto wote pamoja wakaita "kumi na mbili!" Akasema moyoni, kumbe ni hiyo tu. Unawarusha watoto, wanafurahi, hesabu inaingia.

Basi darasa la pili B nalo likaanza kuruka. Na walijua kuruka, wasikilizaji. Direkta anasema vumbi lilipanda mpaka dirishani. Kanyere alipiga makofi kuliko wote, na kila mara alihakikisha upande wa pili wanasikia.

Halafu inspekta wa shule akafika. Aliingia B, akasalimia, akamwita msichana mmoja mbele, jina lake Patience. Akamwuliza saba na tano ni ngapi. Patience akasema "saba", akaanza kuruka. Akaruka mbele ya ubao, akaangalia chini, akaendelea. Akapita meza ya mwalimu. Akafika mlangoni, akatoka, akavuka uwanja anaruka tu, mpaka karibu ya mlingoti wa bendera. Inspekta akamfuata, akamwuliza anakwenda wapi.

"Niko natafuta kumi na mbili," Patience akamjibu.

Mama Mbambu anatuambia kwamba mama yake angeona afadhali upande wa pili wacheke. Hawakucheka. Félicité aliwanyamazisha watoto wake, na ile huruma iliyopita juu ya triplex ilimuumiza Kanyere kupita kicheko chochote. Inspekta alimwambia direkta kwamba atarudi mwisho wa muhula, na kama ni hivi tena, B ifungwe.

Mchana ule Félicité alikuja na kopo mkononi. Ndani mlikuwa na jivu la jikoni.

"Madame," akamwambia, "batoto yako banaruka muzuri kushinda yangu. Inabakia tu mustari. Unachora chini na jivu, unaweka namba. Mutoto anasimama kwa saba, anatembea mara tano, anaona mwenyewe ni fasi ya namba gani amefika."

Kanyere akasema asante, lakini asante ile ilitoka kwa shida. Kopo alilitia dirishani, likakaa hapo siku nyingi bila kufunguliwa.

Siku moja watoto walipokuwa wamekwenda nyumbani, alifunga mlango. Akachora mstari wa jivu kutoka ukutani mpaka mlangoni. Akavua viatu. Mama mtu mzima, mwalimu wa miaka na miaka, akasimama juu ya saba na kutembea hatua tano. Akafika kumi na mbili. Alirudi nyumbani amekasirika, akamwambia binti yake, "Ile mwanamuke iko na akili. Na inaniuma."

Mngefikiri wivu uliisha. Haukuisha hata kidogo. Kanyere aliona kwamba jivu linafagiwa kila asubuhi, akasema yeye atafanya kitu kisichofagiwa. Mama Mbambu ana ligablo, kale kaduka ka mtaani, na vifuniko vya soda havikosekani hapo. Kanyere alivitoboa, akavipanga kwenye kamba ndefu, rangi kwa rangi. Mtoto aliweza kutembea kando ya kamba, kuishika, kuhesabu kwa vidole hata macho yakiwa yamefungwa. Inspekta aliporudi, Patience aliipata kumi na mbili yake ndani ya darasa. B haikufungwa. Na siku hizo, wasikilizaji, watoto wa A walianza kuchungulia kwenye matundu ya triplex. Kanyere aliwaona, akaimba kwa nguvu zaidi.

Ikawa hivyo kwa miaka. Félicité alifinyanga ng'ombe wa udongo na watoto wake, wakahesabu zizi. Kanyere hakulala vizuri. Wiki iliyofuata B ilifinyanga soko zima, samaki, mihogo, ndizi, na watoto wakauziana na kurudishiana chenji. Félicité akatengeneza ngoma ya kufundishia silabi. Kanyere akawafanya watoto wake kuwa silabi zenyewe, wanakimbia na kushikana mikono mpaka neno linatokea. Tulimwuliza bwana Anaclet yeye kama direkta alifanya nini wakati huo wote.

"Nilifanya kitu moja tu," alitujibu. "Tulipata matofali ya kujenga ukuta katikati yao. Nikakataa. Nikajengea choo."

Mwaka huu tansio ilimlaza Kanyere. Félicité alimtembelea hospitalini, na watu wa familia wakasogea kando, wakingoja maneno ya kupatana. Kanyere alimwuliza nani ana watoto wake. Félicité akamwambia ni yeye, anafundisha wote pamoja.

"Banacheka?" Kanyere akauliza.

"Banacheka."

"Kamba yangu usiikate," Kanyere akasema. "Na usibachekeshe kunipita miye."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Félicité. Siku ile ile, Jumamosi, alituaga.

Kwenye matanga tulimkuta Madame Félicité amekaa na akina mama wa familia, ameshika ile kamba ya vifuniko. Tulimwuliza kama Kanyere hakuwa mzigo kwake, miaka yote hiyo. Akatuambia jambo ambalo hata mama Mbambu hakulijua.

"Kutoka siku ya inspekta, nilikuwa napandisha sauti kusudi asikie. Nikisema, 'Batoto, chukueni udongo, muweke maji kidogo,' nilikuwa nasemea yeye pia. Nilijua iko pale na kiti yake. Asubui hii nimepandisha tena sauti. Halafu nikakumbuka kule hakuna mutu."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole baba Josaphat, mama Mbambu, mjukuu Sandrine, na ndugu wote wa Saio na wa Butembo. Tunawapa pole watoto wa darasa la pili, na tunampa pole Madame Félicité, maana yeye naye amefiwa. Mwalimu Kanyere apumzike kwa amani.

Nawe unayetusikiliza, jioni ya leo mfikirie yule mtu unayemwonea wivu. Ujiulize kama umewahi kumsikiliza kwa makini namna ile. Na kama unajua kuna mtu amevuta kiti karibu ya ukuta wako, pandisha sauti kidogo.

Leo hatutaweka muziki. Tutakaa kimya dakika moja, kama ule upande wa B.