Siku Nipo Aliposema “Leo Simo”

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mratibu mwandamizi wa safari za ndege katika kampuni yetu atavua kitambulisho na kwenda nyumbani kupumzika. Vyeti vyake vina jina refu lenye heshima zake zote, lakini chumbani kwetu yeye ni Nipo, na hata wakurugenzi hujisahau wakamwita hivyo mbele ya wageni.

Kwa wenzetu wa idara nyingine wanaodhani ndege hupaa kwa hiari ya rubani peke yake: mratibu ndiye anayebaki ardhini akisoma hali ya hewa, akichagua njia, akikokotoa mafuta na uzito, kisha akatia saini pamoja na rubani. Saini moja ikikosekana, ndege haiondoki. Kazi huenda kwa zamu, katika chumba chenye baridi kiasi kwamba kila mtu ana sweta lake linaloishi kwenye kiti.

Jina lake lilitokana na zamu hizo. Alipoajiriwa, kubadilishana zamu kulikuwa jambo la mdomo tu. Mtu alisimama mlangoni akauliza nani wa kumshikia ya kesho, na kabla hajamaliza, sauti ilitoka kwenye meza ya dirishani: “Nipo.” Aliwashikia wenzake kwa ajili ya harusi, misiba, mitihani ya watoto na, mara moja, jino. Mume wake, fundi wa ndege katika karakana iliyo jirani, anasema mwaka wa kwanza wa ndoa walikutana getini zaidi kuliko sebuleni, mmoja akiingia, mwingine akitoka, chupa ya chai ikihama mikono. Kitinda mimba wao alipoulizwa shuleni baba anafanya kazi gani, alijibu kwamba baba yake analala.

Kanuni ya mapumziko ilikuwepo hata wakati huo, na Nipo hakuivunja. Lakini ilihesabu muda ambao mtu yuko nje ya kazi. Haikuuliza ameutumiaje.

Hapo ndipo mambo yalipomfika. Msimu wa mvua, mwenzetu tuliyemwita Mrefu alipata mtoto, na Nipo akachukua zamu yake ya mchana. Ratiba ilikubali bila tatizo, kwani alikuwa na mapumziko kamili kabla yake. Ila mapumziko hayo aliyamalizia hospitalini. Mama mkwe wake alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga, naye Nipo alikesha kwenye benchi kando ya kitanda, akimshika mkono.

Alifika kazini amevaa vizuri, akasalimia, akaketi. Akakokotoa mafuta ya safari ya alasiri. Akarudia, kama desturi, akapata jibu jingine. Akarudia tena, likaja la tatu. Ametusimulia mara nyingi kwamba kukosea hesabu hakukumtisha, kila mtu hukosea. Kilichomtisha ni kwamba aliyatazama majibu yote matatu na yote yakamridhisha.

Akainuka, akaenda kwa mkuu wa zamu.

“Mkuu, leo simo. Nitoe mezani.”

Mkuu akacheka, akidhani ni utani. Nipo, tena? Alipoona mwenzake hacheki, akaigeukia ratiba ukutani. “Mbona hapa umepumzika?”

“Ratiba ndiyo iliyopumzika. Mimi sijalala.”

Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika chumba kile. Mratibu mwingine mwenye haki ya kukaa mezani kwake hakupatikana mpaka jioni, kwa hiyo ndege ikakaa, na abiria wakakaa. Bosi wa biashara akashuka ngazi akiwa amefura, akamwambia Nipo kwamba kama anaona hiyo ni sababu, basi akawaeleze abiria mwenyewe. Nipo akaenda. Akasimama mbele ya ukumbi uliojaa watu na mizigo, akasema, “Ndege ni nzima, na rubani ni mzima. Mchovu ni mimi, na mimi ndiye ninayepanga safari yenu.”

Bibi mmoja aliyeketi mbele akamwambia, “Basi nenda kalale, mwanangu, sisi tupo.” Wengine walifoka. Mwanamume mmoja alikuwa akiwahi mazishi ya kaka yake, na hakuyawahi. Kila anapofundisha waratibu wapya, Nipo humtaja mtu huyo. Husema uamuzi ulikuwa sahihi na mwingine ndiye aliyeulipia, na kwamba hayo mawili lazima yabebwe pamoja.

Hatujui kama angekosea siku ile, na hatutajua. Tunachojua ni kwamba alipewa onyo, na cheo cha mkuu wa zamu alichokuwa akikingojea kikaenda kwa mwingine. Mrefu alinuna kwa muda, akihisi mtoto wake amelaumiwa, mpaka Nipo alipomfuata nyumbani na nguo za mtoto na kukaa kule hadi wakacheka.

Uongozi mpya ulipokuja na kutaka kanuni za kubadilishana zamu ziandikwe upya, yeye mwenyewe aliomba kazi hiyo. Tangu hapo, wanaobadilishana huenda wote wawili kwa mkuu wa zamu, ana kwa ana, na kila mmoja huulizwa swali moja: umelala? Anayesema hapana haadhibiwi. Mwanzoni tulimchukia kidogo. Waliozoea kurundika zamu ili wapate likizo ndefu walisema ametutia kamba miguuni. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumwomba ruhusa ya kubadilishana ili akatazame fainali ya mpira, naye akaulizwa alilala saa ngapi kwa sauti ileile ya mama anayejua jibu. Fainali alisimuliwa.

Mwezi uliopita, mwenzetu mwenye mapacha wanaoota meno aliinuka akasema, “Leo simo.” Mkuu wa zamu akachukua simu kutafuta mbadala. Wengine waliendelea na kazi, hakuna hata aliyegeuza shingo. Nipo, kwenye meza ya dirishani, aliinamisha uso akajifanya anatafuta kalamu. Tuliomwona tunajua hakuwa akitafuta kalamu.

Sasa anakwenda kuishi na mume ambaye, kwa hesabu ya ratiba zao, hajawahi kumwona wiki nzima mfululizo. Fundi huyo, aliyestaafu kabla yake, ametuuliza kwa makini kabisa kama ndani ya ndoa nako kuna kubadilishana zamu. Tumemshauri aende ana kwa ana.

Dada yetu, asante kwa zamu zote ulizotushikia, na asante zaidi kwa ile moja uliyoikataa. Tunakutakia afya njema, nyumba yenye vicheko, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi ambazo hakuna ndege inayokusubiri.