Kichupa cha Kwanza ni cha Mama

Ijumaa tarehe 28 Juni, saa kumi kamili jioni, Mama Jongoo atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye ndoano ya tatu karibu na mlango wa maabara yetu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Jina lake halisi limo kwenye faili za utawala, lakini tangu alipopewa hili la utani hakuna aliyelihitaji lile jingine. Hata mumewe, fundi seremala, akipiga simu humwulizia Mama Jongoo.

Jongoo anayetajwa hapa si yule wa bustanini mwenye miguu mingi. Ni jongoo bahari, mnyama mnene na laini, ambaye mgeni hawezi kujua kichwa chake kiko upande gani. Siku yake ya kwanza kazini, Mama alitumwa kumtoa mmoja kwenye tanki. Mnyama huyu akibughudhiwa humwaga utumbo wake nje, na siku hiyo aliumwaga juu ya viatu vipya vya Mama. Alivifuta viatu, akamwomba jongoo radhi, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ni kutoa sukari kwenye ngozi ya wanyama hawa. Si sukari ya chai. Ni minyororo mirefu yenye matawi, nasi tunaichunguza kwa sababu huchelewesha damu kuganda. Huenda siku moja ikawafaa wagonjwa ambao damu yao huganda ndani ya mishipa. Mama huikata ngozi, huikausha, huisaga, huiloweka siku mbili, huichuja, kisha humimina spiriti taratibu. Hapo sukari hujitokeza kama nyuzi nyeupe za pamba. Ameziona nyuzi hizo mara mia mbili na kumi na tatu, na kila zikitokea huzisalimia: “Haya, karibuni.”

Nimesema si sukari ya chai, ingawa mtunza stoo wetu aliwahi kuijaribu. Alikuta kwenye friji chupa iliyoandikwa SUKARI, akachota vijiko viwili, akakoroga, akanywa, akalalamika kwamba haikolei. Alikuwa amekunywa kazi ya wiki tatu. Mama alimkalisha kitini mchana kutwa akimtazama, na akamkataza kunyoa ndevu kwa siku tatu asije akajikata. Hakudhurika, ila ndevu zilimpendeza na anazo mpaka leo.

Wengi wetu tulifika hapa tukitokea kwingine, wengine mbali sana, tukiwa na vyeti ndani ya bahasha na hatujui pa kusimama. Mama hakuuliza tumetoka wapi. Alituonyesha ndoano, akabandika juu yake karatasi yenye jina. Aliyehama mara nyingi anajua uzito wa ndoano yenye jina lake.

Lakini jambo kubwa katika utumishi wake lilitokea mwaka wa tisa. Fungu la arobaini na mbili la sukari lilichanganywa na damu ya dereva wetu, mtu ambaye damu yake imepimwa mara nyingi kuliko injini ya gari lake. Vichupa kumi na kimoja, na hata kimoja hakikuganda asubuhi nzima. Watu walikumbatiana. Daktari, kiongozi wa mradi, aliwaalika wafadhili waje Jumatatu kusikia habari njema.

Jumamosi asubuhi Mama alikuja peke yake kuosha vyombo. Kwenye kibao cha matundu alichochongewa na mumewe kulikuwa na kichupa cha kumi na mbili, damu ya dereva iliyobaki, isiyotiwa sukari hata chembe. Ilipaswa kuwa imeganda tangu jana. Alikiinamisha. Damu ikateleza kama maji.

Ndipo alipovitazama vifuniko. Vilikuwa vya kijani. Vichupa vyetu vilipokwisha, ni yeye aliyekwenda kuomba vingine kwenye zahanati ya jirani, na hakuuliza rangi ina maana gani. Vya kijani huja vikiwa vimetiwa dawa ya kuzuia damu isigande. Sherehe yote ile ilikuwa ya vifuniko.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Mumewe alikuwa ameumia mkono na hafanyi kazi. Sinki lilikuwa mbele yake, na hakuna aliyekijua kichupa kile. Mama alikifunga kwenye kitambaa, akatembea nacho mpaka nyumbani kwa Daktari, akamkuta na fulana, povu la kunyolea shavuni.

Daktari alikipindua kichupa mara tatu. “Mama, umenichinja.”

“Nimekuchinja mapema, Daktari. Jumatatu ungechinjwa na wageni.”

Jumatatu Daktari aliwaeleza wafadhili ukweli wote. Wengi wao waliondoka na fedha zao, na kutoka wafanyakazi tisa mradi ukabaki na wanne. Wa kwanza kutiliwa saini mkataba mpya alikuwa Mama. Kurudia vipimo vyote kulichukua miaka miwili na miezi mitatu, na jibu la kweli lilikuwa dogo: damu inayoganda kwa dakika sita ilichukua kumi na tisa. Dogo, lakini limesimama kila lilipopimwa tena. Leo sukari hiyo imekwisha kupimwa kwa panya na inasubiri ruhusa ya kupimwa kwa watu. Bado si dawa. Ningeandika kwamba ni dawa, Mama angeufuta mstari kwa kalamu nyekundu.

Tangu mwaka ule, kichupa cha kwanza kwenye kila kibao hutiwa damu na maji matupu. Kinaitwa kichupa cha Mama. Kisipoganda, vingine vyote vinamwagwa na hakuna anayebisha.

Ijumaa, kabla ya keki, tutapima fungu la mia mbili na kumi na nne. Dereva ameahidi kuleta mkono wake. Kichupa cha kwanza atakijaza Mama mwenyewe, kwa mara ya mwisho, nasi tutasimama dakika sita tukingoja.

Ahsante, Mama, kwa nyuzi zote ulizozikaribisha, na kwa matembezi yale ya Jumamosi. Nenda ukapumzike na afya njema, viatu vikavu, na fundi wako pembeni. Ndoano ya tatu hatumpi mtu. Dawa ikipatikana, utakuwa wa kwanza kupigiwa simu. Lakini hatutapiga mpaka kichupa chako kiwe kimeganda.