Dada Aliyeitumia Damu Yake Kuwa Kipimo cha Afya

Leo Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ikiwa haijakatika tangu alfajiri, mimi mdogo wake nimeagizwa na familia kuwasomea historia ya dada yetu, nanyi mniwie radhi nikikwama, tumechoka.

Dada alizaliwa tarehe 2 Juni 1974, kifungua mimba wa baba fundi saa na mama mkunga, akaanza shule Januari 1981, akahitimu uhandisi wa kemia mwaka 1997, na mwaka 2006 akapata uzamivu katika umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula na kutoa taka zake.

Tarehe 14 Agosti 1999 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, na kuanzia Machi 2008, katika maabara ya chuo yenye dirisha lisilofungika, alitengeneza kipande cha karatasi kinachobadilika rangi kwa tone moja la damu na kusomwa kwa kamera ya simu, ili zahanati isiyo na mashine ijue kama figo za mgonjwa zinachuja, kazi iliyomfanya shemeji atutanie kwamba yeye na karatasi ni wake wenza, ila zamu ya mwenzake haiishi.

Kila asubuhi dada alijichoma kidole, damu yake ndiyo ikawa kipimo cha mtu mwenye afya, kwa hiyo karatasi zilipoanza kuwasoma wagonjwa kuwa wazima, Mei 2021, alilaumu gundi, akabadili wino, akabadili karatasi yenyewe, miezi kumi na minne, hadi siku aliposafiri, fundi wa maabara akabaki na kutumia damu yake mwenyewe, majibu yote yakakaa sawa, naye aliporudi akaambiwa, "Mama, karatasi haina kosa, nenda kapime figo."

Mganga hajigangi, ndugu zangu. Figo zilikuwa zimebaki na nguvu ya moja ya tano.

Tangu hapo alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara alijipima kwa karatasi zake kitandani, akitaka kujua kama sasa zinasema kweli, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 13 Machi, saa kumi na moja na robo jioni.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomvumilia na karatasi zake, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara.

Lala sasa, dada, usijichome tena. Asubuhi ile ya mwisho mashine ya hospitali ilisoma taka za damuni 914, karatasi yako ikasoma 911.