Saruji Aliyoituma Virginia

Wasikilizaji wapendwa, ulipo, jikoni au kwenye lindo, punguza kelele kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka Virginia, binti wa kijiji cha Gathuri, aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli hapa Doha kwa miaka mingi. Alikuwa anaishi mtaa wa Najma. Ijumaa alikuwa haikosi Misa ya kanisa la Mesaimeer, hapa hapa Doha.

Kumkumbuka Virginia ni kulikumbuka kanisa lao. Kanisa la Gathuri lilijengwa kati ya vile vita viwili vikubwa vya dunia. Padre aliyelijenga alifuata mtindo wa Kibizanti, wa makanisa ya kale ya mashariki. Matao ya duara. Kuba kubwa katikati. Chini ya kuba, madirisha membamba yamelizunguka kama shanga shingoni, na jua likiingia asubuhi utadhani kuba halijashikwa na kitu. Na juu kabisa, kwa ndani, uso wa Kristo uliopangwa kwa vipande vya vioo vya rangi.

Kuba lile lilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Pasaka. Wanawake ndio waliopaka. Virginia alianza kubeba ndoo akiwa mdogo, mama yake yuko juu ya ngazi anamwita, "Virgi, leta, usimwage!"

Akaja Doha. Huku akaona majengo yanang'aa, hakuna anayeyapaka chokaa. Ijumaa moja mwaka 2011, baada ya Misa, alimwonyesha Gerishon, dereva wa basi la hoteli, picha ya kuba lao.

"Dada, kuba la hoteli yetu linang'aa kuliko hili la Mungu wenu," Gerishon akamtania.

"Nyamaza wewe! La hoteli yenu lina nini ndani? Taa na vumbi."

Walicheka. Lakini neno lile lilimkaa. Mama yake alikuwa mzee sasa, na bado anapanda ngazi na ndoo kama kibarua. Virginia akawazungukia watu wa Gathuri walioko Doha. Wakachanga. Wakatuma saruji na rangi nyeupe ya mafuta, kuba lifunikwe mara moja, kina mama wapumzike. Alifanya kwa mapenzi, wasikilizaji. Narudia: alifanya kwa mapenzi.

Kumbe chokaa ilikuwa inaliacha kuba lipumue. Mvua ikiingia, jua linaitoa. Saruji ilipolifunga, maji yaliyopenya kwenye nyufa yakakosa njia. Yakakaa ndani, yakalila kuba taratibu.

Simu ilimfikia akipiga pasi. Ni Jennifer, mdogo wake.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Kanisa lilikuwa tupu."

"Sasa unalia nini?"

"Virgi, ni uso. Uso umeanguka."

Vipande vya vioo vilikuwa vimetapakaa sakafuni mpaka kwenye viti. Hakuna fundi aliyeweza kuvirudisha.

Tangu siku ile, Virginia hakwenda nyumbani tena. Likizo ikifika, anasema mwakani. Gerishon alimsukuma, "Dada, nenda. Hawatakula."

"Nitawatazamaje kina mama, Gerishon? Nianze na neno gani?"

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: kusimama chini ya lile kuba awaombe msamaha. Mama yake akafa, akamzika kwa simu. Mwaka 2017 Virginia naye akaugua hapa Doha. Hakuugua sana, wala hakuinuka. Alirudi Gathuri akiwa ndani ya sanduku.

Jeneza lilipofika kanisani, lilikuta ngazi zimesimama. Kina mama walikuwa wanaibandua saruji kwa patasi na nyundo, na palipokwisha kubanduliwa wameshaanza kupaka chokaa. Jennifer alituambia hivi:

"Kazi ile hatukuwahi kuilalamikia. Ilikuwa siku yetu. Sisi tuko juu tunaimba, wanaume wako chini wanashika ngazi na kutumwa maji. Saruji ilipoletwa tulipiga makofi, ili tusimvunje moyo. Mama alirudi nyumbani hakula. Dada yangu hakutuuliza. Na sisi hatukumwambia. Alidhani tumekasirika, kumbe tulikuwa tunamngoja."

Basi kwa Jennifer, kwa jamaa wote wa Gathuri, kwa Gerishon na wenzake wa hoteli, tunasema poleni. Poleni sana. Mungu amlaze Virginia mahali pema.

Nanyi mliojitenga na kwenu kwa sababu ya aibu, fikirieni leo. Huenda huko hakuna aliyenuna. Pigeni simu.

Kuba la Gathuri limepakwa chokaa tena. Pale juu palipokuwa na uso wamepaacha peupe. Jeneza la Virginia waliliweka chini yake, kina mama wakashuka kwenye ngazi mmoja mmoja, mikono ina chokaa, wakaligusa. Alama za vidole zilibaki juu ya mbao, na hivyo hivyo akazikwa nazo.