Gunia la Mwenye Hisa

Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya wenzangu. Ndiyo maana ndani ya basi nilihama viti viwili, mpaka nikawakalia nyuma vizuri abiria wawili waliokuwa wakibishana.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa amefura. "Nimeuza ng'ombe nikanunua hisa za kampuni ya mbolea, eti mjukuu wangu aje asomee. Sasa bei ya mfuko imepaa, wakulima wanaikimbia. Faida itatoka wapi, mbinguni?"

"Dada, hisa hazitaki pupa," akajibu mzee mwenye tai, jirani yake wa safari tu. "Subira yavuta heri."

"Yangu imevuta ng'ombe!"

"Usiuze. Wakulima watanuna, kisha watarudi. Mimi nina hisa kama wewe, na shambani kwangu haiingii mbolea nyingine!" Akalipigapiga gunia la kampuni lililokuwa miguuni pake, kama anayebembeleza mtoto.

Basi likafunga breki kituoni. Gunia likaanguka, mdomo ukafunguka, na samadi ikabingirika punje kwa punje hadi kwenye viatu vya mama.

Akaisukuma punje moja kwa ncha ya kiatu. "Kumbe, kaka," akasema, "kampuni yetu siku hizi inafuga mbuzi?"